Ngoma Zimefungiwa Stoo

Valletta, Malta

Yaya Clémence, dada yangu mpenzi,

"Ulaya watu wanasali kimya," mumeo aliiambia kamati ya parokia, kisha akazifungia ngoma zetu stoo. Leo nimeuona huo ukimya! Wanaume wamebeba sanamu ya mtakatifu mabegani, matarumbeta yanawafuata, fataki zinalipuka mchana kweupe, na bibi mmoja akanimwagia vipande vya karatasi kutoka roshani kana kwamba mimi ni bi harusi. Mbebaji mmoja alipumzika kando yangu na bia yake.

"Kwenu mnambeba kwa muziki gani?"

Nikamwambia ngoma zimefungiwa, eti ninyi mnasali kimya. Alicheka mpaka bia ikammwagikia, akawaita wenzake: "Njooni msikie tunavyosingiziwa!"

Nimekubandikia kipande kimoja cha karatasi hapa pembeni. Ungekuwepo ungecheza mpaka viatu vikatike, kama ulivyocheza Bukavu kabla hatujakimbia. Nakubusu, wewe na watoto.

Mdogo wako, Jeanne

Na wewe, Shemeji Faustin, najua unaisoma kadi hii kabla ya mke wako. Mpe ufunguo wa stoo leo. Siku ya sikukuu yetu, mtaa wetu mzima wa Albert Park utusikie tukisali.