Mshipi Kutoka Ghorofa ya Tano

Mzee Kanti,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe mwenyewe ulikikataa Kiingereza changu siku ya kwanza. Niliingia na fulana ya kampuni ya kutunza wazee, nikakusalimu kwa Kizungu kama tulivyofundishwa, ukanitazama juu mpaka chini, ukaniuliza, "Wewe si wa Mombasa wewe?" Nikajua nimepatikana. Umetoka Kisumu ukiwa kijana, ukafanya duka Kanada miaka na miaka, ukaja kuzeekea Kilburn karibu na binti yako, na bado ulinijua kwa namna nilivyovua viatu mlangoni. Tangu siku hiyo ukaniita Mama Rehema, kwa jina la mwanangu ambaye hukuwahi kumwona ila kwenye simu, na mimi nikakuita Mzee. Kwa mwaka mmoja na nusu sikuwa na mtu mwingine London nzima wa kugombana naye kwa raha.

Nina jambo la kukwambia, nimelizunguka wiki saba. Leo nitalisema. Ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza nalo nitaichana karatasi.

Nyumba yako imeshatolewa vitu. Kitanda cha kupanda na kushuka kimerudishwa kwa wenyewe, na pazia la jikoni, lile ulilosema lina rangi ya mharo, binti yako, dada Hansa, amelitupa hatimaye. Siku ya kukuaga nilikaa safu ya nyuma, nimejitanda mtandio mweupe kama watu wako, nikakuombea kwa maneno ya dini yangu kwa kuwa hayo ndiyo niliyo nayo. Kampuni imenihamishia Thamesmead, kwa bibi wa Kiingereza aitwaye Bi Maureen. Ni basi moja tu kutoka chumbani kwangu Woolwich. Wenzangu wananiambia nina bahati, wengine mteja akifa wanakaa bila kazi, na siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine zikipita, viza imekufa na wao warudi kwao. Nami naitikia, ndiyo, nina bahati.

Lile sanduku lako la mbao liko chini ya kitanda changu. Sijalifungua.

Unakumbuka mara ya kwanza ulipolifungua mbele yangu? Mimi nilidhani ni vyombo vya fundi. Vijiti viwili vya mti, kila kimoja urefu wa mkono, vimechongwa mapengo kwenye ncha. Mshipi mweusi umezungushwa juu yake. Vijiko vya shaba visivyo na mpini, vingine vimeingia kutu ya kijani, vina ndoana mkiani. Na kitu kama upawa wenye matundu. Nikakuuliza kama ulikuwa ukipika huko Kanada. Ukasema huo ni wa kutolea vipande vya barafu kwenye shimo. Shimo gani? Ndipo ukanianzia habari za ziwa linaloganda mpaka malori yanapita juu yake, na nyinyi watu wazima na akili zenu mnaenda katikati na mtaimbo, mnatoboa, mnakaa juu ya ndoo mnasubiri samaki. Nikakwambia, Mzee, chumvi hiyo imezidi. Ukanuna mpaka chakula cha mchana.

Lakini nilikuja kukuamini kwa sababu ya chai. Mtu hawezi kutunga kwamba mkewe alimfungia chapati za viazi ndani ya koti, kifuani, zisigande, na chai ya tangawizi kwenye chupa, na kwamba yule mzee wa Kifini aliyekufundisha kuvua alikataa tangawizi mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili akaja na kikombe chake mwenyewe. Huyo Mfini alikuwa mteja wako dukani. Ulikuwa ukiuza fimbo za kisasa za kuvulia, zenye gurudumu la kukunja mshipi, na yeye akizidharau mbele ya wateja. Alisema trauti wa ziwani anakaa chini kabisa, kwenye giza, na kule anavuliwa kwa vijiti viwili na subira. Mwishowe akakuvuta mwenyewe mpaka ziwani ukaone.

Ukanifundisha na mimi. Kijiti kimoja mkononi, unainua shubiri mbili, unaachia, kijiko kinacheza huko chini kama kisamaki kigonjwa. Samaki akishika hugusi mshipi hata kidogo, kwa kuwa umelowa na vidole vitaganda. Unauchota kwa kijiti cha kulia, unaupokea kwa cha kushoto, kulia, kushoto, mpaka samaki atokee shimoni. Nilijifunzia sebuleni, mshipi nimeufunga kwenye mguu wa meza. Nikajisifu. Ukasema meza haina kina.

Basi tukaenda roshani. Jamani, Mzee, hilo lilikuwa wazo lako, usije ukanikana huko uliko. Ghorofa ya tano, ukasema, kina kinatosha. Ndoana nilizing'oa kwa koleo kwanza, nawe ukalalamika kwamba chambo bila ndoana ni kipuli. Nikakishusha kijiko cha shaba mpaka karibu na nyasi, nikakiinua, nikakiachia, wewe umekaa nyuma yangu kwenye kiti cha magurudumu na blanketi mbili, unanikosoa. Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne mshipi ukakaza. Nikahisi mtu anavuta, wallahi, mwili mzima ulinisisimka, na wewe ukaona kijiti kimepinda ukaanza kuniamrisha nisimlegezee, kulia, kushoto, kulia, nami nachota kwa nguvu zangu zote.

Samaki wangu wa kwanza na wa mwisho alikuwa yule mama wa ghorofa ya tatu, amevaa gauni la kuogea. Alichoka kuona kijiko kikipanda na kushuka dirishani kwake wakati anakunywa chai, akakikamata.

Ulicheka mpaka nikakupa dawa ya kuvuta. Mimi pia nilicheka, nimejiinamia sakafuni. Sikujua kama huo ndio mwisho wa kucheka.

Yule mama alipiga simu, na haki yake. Nikaitwa ofisini. Meneja hakupandisha sauti. Alisema lalamiko jingine moja tu na itabidi waiangalie upya barua yao ya kunidhamini. Nikamwangalia mdomo ukifungika na kufunguka, mimi namwona Rehema na sare yake ya kidato cha tatu. Halafu zikaja karatasi, na dada Hansa akazitia sahihi: roshani ifungwe, Mzee asitolewe nje mpaka kampuni ije kupima hatari. Kuja kwenyewe hawakuja. Ufunguo wa roshani nikapewa mimi niuvae shingoni.

Tangu hapo tulikuwa wafungwa wawili, na mmoja ndiye aliyeshika ufunguo. Wewe ulikuwa huwezi kutoka bila mimi, na mimi nilikuwa siwezi kutoka kwa kampuni. Lifti nayo ikaharibika wiki mbili, ikawa kisingizio kizuri. Ukiniuliza nje kukoje, nakujibu lifti, Mzee, si unajua lifti.

Sasa nalisema.

Ile Alhamisi ya baridi kali, redio ilikwambia vidimbwi vya bustanini vimeganda. Nilipofika asubuhi nilikukuta umeshavaa. Umevaa mwenyewe, Mzee, sijui ilikuchukua saa ngapi, vifungo vya koti vimepishana, kofia yako ya masikio, glavu, vijiti viwili mapajani. Ukanieleza taratibu, kama umeyakariri maneno, kwamba barafu ya London haibebi hata paka na hutaki kuikanyaga. Ulitaka nikusukume mpaka ukingoni, uipasue kidogo kwa mkongojo, uteremshe kijiko chako kisicho na ndoana, nusu saa tu, turudi. Ulisema barafu hulia ikiguswa, na hujaisikia tangu mkeo afariki.

Nikakwambia lifti bado mbovu.

Lifti ilikuwa nzima. Mafundi walishaitengeneza. Mimi mwenyewe nilipanda nayo asubuhi ile, nikajitazama kwenye kioo chake, nikafunga mtandio vizuri. Nilikuogopa wewe kwa koti lile. Niliogopa ukikohoa njiani, niliogopa mtu atuone na vijiti, nilimwogopa meneja na sauti yake ya chini. Ningeweza kukwambia kwamba naogopa. Ungenitukana kidogo kwa Kigujarati, yakaisha. Badala yake nikakudanganya usoni, mtu mzima na meno yako.

Kisha ukasema, "Haya. Pole kwa ngazi, Mama Rehema. Keti unywe chai." Nikakuvua koti. Nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikajiambia moyoni, kesho, kesho nitampeleka. Ijumaa mvua ikanyesha ikayeyusha kila kitu. Jumapili ukachukuliwa na gari la wagonjwa, mapafu. Jumanne dada Hansa akanipigia simu, na sikungoja amalize.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi yangu yanauma hata sasa.

Ningeweza kuubeba uwongo ule peke yangu mpaka kufa, nisikufiche. Lakini siku ya kutoa vitu dada Hansa aliniletea sanduku, akaniambia ulitaka niwe nalo mimi. Unajua yeye Kiswahili anakisikia, akijibu anajibu Kiingereza. Nikamwambia siwezi kulipokea. Akanishika mkono. Akasema Jumamosi ile, kabla ya hospitali, mlizungumza kwa simu, na maneno yako akayarudia kwa Kiswahili, pole pole, ndiyo mara ya kwanza kumsikia: "Lifti niliisikia Alhamisi siku nzima. Mama Rehema ameogopa tu. Usimuulize."

Kumbe ulikuwa unaisikia. Ile kengele yake, kila mlango ukifunguka, ukutani kwako kabisa. Uliisikia nilipopanda nayo. Ulinipa pole ya ngazi nami sikuwa hata nahema, ukanitengea kiti, ukanisubiri nimalize chai. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada Hansa alikuwa analia, akasema na yeye alitia sahihi. Tulikaa sakafuni nyumba tupu, kila mmoja na lake.

Nimekukasirikia, Mzee, wacha nikwambie ukweli. Kwa nini hukunigombeza? Ulinigombeza kwa chumvi, kwa pazia, kwa kukunja mshipi kinyume, na kwa hili ukaninyamazia. Ungesema neno moja tu, mwongo wewe, ningekusukuma mpaka bustanini huku nalia. Au labda nisingekusukuma. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kwa kuwa sikiliza nilichofanya. Bi Maureen ana miaka tisini na miguu haina kazi tena. Kila siku ananiuliza kama tunaweza kushuka mpaka ziwani pale mtaani kwao, akawaone mabata. Kampuni inasema mpaka waje wapime. Jumatatu nikamwambia kutakuwa na upepo. Jumanne nikamwambia kesho. Jana nikafungua mdomo nimwambie kesho nyingine, nikajisikia sauti, ni ileile niliyokupa wewe. Mdomo ukabaki wazi. Bibi wa watu akadhani naumwa.

Leo asubuhi nimempigia meneja. Nimemwambia nitamtoa Bi Maureen nusu saa, kwa kiti, kwenye njia ya lami, na nitaandika kwenye daftari saa ya kutoka na ya kurudi. Halafu amesema hawezi kunizuia wala hawezi kunitetea, na likitokea lolote nisimtaje. Rehema nimemwambia. Ameniuliza, je, wakikurudisha? Nikamjibu sijui. Akasema basi utanikuta uwanja wa ndege, tena nikiwa na njaa.

Mzee wangu, nisamehe. Najua ulishanisamehe, lakini nilikuwa sijaomba. Sikuahidi ujasiri, sina, unanijua. Nakuahidi kwamba nikiogopa nitasema naogopa, na mtu akiniuliza mlango uko wazi au umefungwa nitamwambia ulivyo. Lala huko uliko kwa amani, wewe na mkeo, na huyo Mfini wenu na kikombe chake.

Ninafunga barua hapa. Bi Maureen ameshavaa koti na kofia, amekaa mlangoni ananitazama, ameniuliza mara mbili naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nakuja sasa hivi.

Mwanaidi, Mama Rehema