Maneno Hayo Hayachongwi Kwenye Kaburi la Babu Yako

Mjukuu wangu Yohana,

Huna haya. Umekaa huko Vancouver ukaandika kwamba babu yako alilala kwa amani akizungukwa na familia yake yote, na mama yako anataka maneno hayo yachongwe kwenye jiwe la kaburi kabla theluji haijaanguka. Nani alikwambia alilala kwa amani? Hukuwepo. Nimemwambia fundi wa mawe asubiri. Na ninaandika kwa Kiswahili makusudi, usinijibu kwa Kiingereza.

Umemsahau Mskoti wa babu yako? Yule mwandishi wa enzi za malkia wa zamani, aliyewaandikia wavulana habari za visiwa na maharamia. Babu yako alifundishia kitabu chake kule Muheza, akaja nacho hapa Etobicoke kimefungwa kwenye kanga yangu, karatasi zinapukutika. Mimi niliishia darasa la nne, kitabu sikukisoma. Lakini maisha ya huyo mtu nayajua kuliko ya shangazi zangu, maana ulikuwa ukitoka shule babu yako anakusimulia, nami niko jikoni nasikia.

Alikwambia jinsi Mskoti alivyoletwa nchi hii akiwa kijana, kununua ngozi za wanyama kwenye baridi, akawa anawaandikia kwao barua ndefu. Uandishi wake ulianzia hapo. Babu yako, siku masikio yake yalipokufa ganzi kituoni akingoja basi, alirudi akasema kwenye theluji yule mtu hakudanganya, ilimwuma mwenyewe.

Ila visiwa hakuviona. Akaandika wavulana wanaangua nazi mnazini imeshafuliwa, haina kumbi, lile ganda lake la nje, wanaitoboa kwa kisu wanakunywa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ukatutazama, ukauliza kumbi ni nini. Nazi ulizozijua ni za dukani, kahawia, zina manyoya.

"Mskoti mwingine huyu," babu yako akasema, "tena tumemzaa wenyewe."

Jina likakuganda. Ukinuna nakwambia, mume wangu, Mskoti gani ana midomo mirefu hivyo.

Mwisho wa hadithi alikuwa hausimulii kwa kucheka. Yule mtu aliona aibu kwa ile nazi. Alipotaka kuandika habari za mnara wa taa, akaenda kuishi na walinzi wake humo baharini. Alipotaka kuandika wazimamoto, akatoka nao kwenye moto. Vitabu vikawa vingi. Kisha akaugua, akafia Roma, mbali na kwao. Hapo babu yako alikuwa anatazama maghorofa dirishani. Nilijua anawaza nini. Sikumwuliza.

Sasa sikiliza ulichokiandika bila kukiona. Babu yako hakulala. Alihangaika na pumzi tangu asubuhi, ameshika chuma cha kitanda cha hospitali. Mama yako alikuwa zamu kazini kwake Malton, wamemnyima ruhusa. Mlango ukifunguliwa, anageuza kichwa. Akaniuliza, "Mskoti kaja?" Nikamwambia hajaja, maana sikuwahi kumdanganya. Akasema, "Basi." Akageukia ukutani. Familia yote iliyomzunguka ilikuwa mimi.

Hasira ninayo, na hainisaidii kitu. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia lifti ikipita na watu wake. Redio yake naiwasha kwa sauti ya juu, wanachosema sikielewi, nawasha hivyo hivyo. Na kaburi lile halina jina. Wiki iliyopita nilizunguka kwenye upepo kama mwizi, nikatafuta nilikomzika mume wangu.

Hata hivyo, afadhali likae bila jina kuliko liandikwe uongo.

Yafute hayo maneno. Omba ruhusa kazini uje. Utalala kwenye kitanda chake, utapanda basi na mimi hadi makaburini, utasimama kwenye udongo wake. Nitakueleza siku ile yote, hata yatakayokuliza. Ndipo uandike, na mimi ndiye utakayenisomea kwanza, kabla ya mama yako na kabla ya fundi. Usitume maua. Njoo.

Bibi yako