Firigisi ya Mzee wa Berea

Mama shikamoo,

Huku Durban mvua haikati, lakini yule mzee aliyenizaa nimempata, anaishi kwenye fleti huku Berea. Mapokezi yake si ya nchi hii. Alinishika pua mlangoni kama anachagua embe sokoni, akawaita majirani Wakongo waje washuhudie kwamba ni yake. Miaka ishirini na nane hakuuliza kama pua hiyo inafutwa makamasi, leo imepata mwenyewe.

Jana mkewe alitupikia kuku. Tulipokaa mezani mzee akaniambia kwa upole, “Mwanangu, sasa uniite Baba. Wewe damu yangu.” Huku akisema hivyo, mkono ukaingia kwenye bakuli, akaichukua firigisi na kuila yote. Simlaumu, ni haki ya mwenye nyumba. Angejuaje kwamba Baba wa huko, tangu mliponichukua kunilea, akipewa firigisi huihamishia kwenye sahani yangu bila kusema neno?

Nikamjibu, “Asante kwa chakula, mzee.”

Nimekukumbuka sana, Mama. Narudi Jumamosi. Mkichinja kuku, mwambie Baba mwanawe yuko njiani.

Rehema