Ako Njiani, Mzee

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na sasa imebaki ile ya kudondoka kutoka kwenye mabati. Kutoka hapa kwetu ziwa halionekani. Kuna weupe tu mahali linapopaswa kuwa. Sikwenda kanisani. Mama amekwenda peke yake, hakuniuliza kitu.

Mikono yangu bado inanuka polishi na samaki.

Jana yalikuwa yale maonyesho ya magari ya zamani, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa. Ni mara yangu ya kwanza kwenda bila Odongo. Nimejaribu kuandika jambo hili tangu nilipoamka, na kila nikianza najikuta naeleza gari. Basi nianze na gari.

Ni gari dogo la michezo, la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu kama pua ya mtu anayejivuna, rangi ya chungwa lililoiva. Lilitengenezwa kabla hatujazaliwa. Tulilikuta Otonglo, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria. Mwenyewe alishangaa kwamba kuna watu wanalitaka. Alichoomba ni kuku wake wapewe muda wa kuhama. Odongo akaliita Nyar Otonglo, binti wa Otonglo, kwa sababu kwetu bibi arusi huitwa kwa jina la alikotoka.

Odongo ni pacha wangu. Mimi nilitangulia, yeye akafuata, na majina yetu yanasema hivyo hivyo: Apiyo aliyewahi, Odongo aliyebaki nyuma. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Siku za baridi viungo vilimuuma mpaka akashindwa kushika kikombe, sembuse spana. Kulala chini ya gari kwenye sakafu ya saruji kulikuwa ni kujitafutia kitanda cha hospitali. Kwa hiyo kazi ya spana ikawa yangu. Yeye alikaa kwenye kigoda, chupa ya maji mapajani, akiisikiliza injini na kuniambia kabureta inakohoa, iguse kidogo, rudisha, hapo hapo.

"Wewe mikono, mimi mdomo," ndivyo alivyokuwa akisema.

Kwenye maonyesho mambo yalikuwa hayo hayo. Mimi nimechuchumaa na mswaki nasugua rimu, nikimshukuru Mungu kwamba hakuna anayenisemesha. Yeye anaongea na dunia nzima.

Alifariki Aprili. Tulimzika nyumbani, Seme.

Hapo, nimeandika. Jana, karibu kutwa nzima, sikuweza kulisema.

Asubuhi ya jana wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameinuka kama moshi na kujibandika kwenye boneti yote. Niliwapangusa mmoja mmoja kwa kitambaa chenye maji, maana ukiwasugua wakiwa wakavu wanaacha mikwaruzo. Nikapakia mkoba: vitambaa, polishi, mswaki, chupa ya maji ambayo si mimi niliyekuwa nikiinywa. Na simu ya Odongo. Kila Jumapili naichaji. Hakuna anayepiga. Naichaji tu.

Sikuwa nimemaliza hata kufungua boneti nilipomsikia Mzee Gachanja.

Mzee Gachanja anatoka Nakuru. Gari lake ni jeupe, la Kiingereza, na atakuambia hivyo kabla hujamuuliza. Tunaonana naye mara moja tu kwa mwaka, hapa. Yeye na Odongo walikuwa na mchezo wao: jioni, magari yakiwa yamesimama kutwa na injini zimepoa kabisa, kila mmoja anakaa kwenye lake, wanahesabu kwa sauti, wanageuza ufunguo pamoja. La kwanza kuwaka limeshinda. Aliyeshindwa ananunua samaki. Mwaka jana Odongo alishindwa. Akapotea kidogo na bodaboda, akarudi na sahani iliyofunikwa vizuri, na ndani yake mgongo wazi kutoka Obunga, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani nyama ikishaondolewa. "Mzee, tulikubaliana samaki," alimwambia. "Hatukukubaliana nyama." Mzee Gachanja alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa alikuwa anakuja kwenye nyasi, kofia kichwani, mikono ameikunjua.

"Apiyo! Huyo mwizi wa samaki ako wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakuapia, sentensi ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi barabarani, kuanzia mzunguko wa Kondele mpaka langoni.

"Ako njiani, Mzee."

Onyango alikuwa kando yetu akipangusa kioo cha gari lake. Onyango ni rafiki yetu tangu shule ya msingi. Alishika jeneza upande wa mbele, ule wa kulia. Mkono wake ulisimama kwenye kioo. Kisha ukaendelea, mahali pale pale, palipokuwa safi tayari.

"Ako njiani!" Mzee akapiga makofi. "Anaogopa. Mwambie nimeweka plagi mpya. Mwambie leo nataka samaki ako na macho, ako na mashavu, ako na tumbo!"

Nikasema nitamwambia.

Ndivyo ilivyoanza, na ningependa kuandika kwamba nilijuta papo hapo. Sikujuta. Nilisikia joto kifuani, kama mtu aliyekunywa chai baada ya mvua. Baada ya Mzee akaja yule mama wa Eldoret mwenye gari la bluu, akauliza Odongo yuko wapi. Yuko njiani. Akaja kijana wa picha. Yuko njiani. Kufikia saa sita nilikuwa nalisema vizuri, kwa tabasamu, bila kuinua macho kutoka kwenye rimu.

Kisha Mzee Gachanja akaenda kwa mshereheshaji, na spika zote uwanjani zikasema: "Odongo! Odongo, popote ulipo! Mzee wa Nakuru anasema ulete samaki mwenye nyama! Anasema kama umeogopa, utume barua ya daktari!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Tangu mazishi, nyumbani hatumtaji kwa sauti ya juu. Mama husema "yule mtoto". Majirani hushusha sauti wakifika kwenye jina, kama watu wanaopita karibu na mtu aliyelala. Na sasa jina lake lilikuwa linarushwa juu ya uwanja mzima, lina mzaha ndani yake, linagonga ukuta na kurudi. Nilitaka waite tena. Walipoita tena, niligeuka kutazama lango.

Nataka hili libaki limeandikwa. Niligeuka kutazama lango.

Onyango aliniletea soda. Alikaa juu ya tairi la akiba, akaniuliza polepole, "Utamwambia saa ngapi?"

"Akimaliza kula."

"Ameshamaliza, Apiyo. Anachokonoa meno."

Nikarudi kwenye rimu. Mzee mwenyewe akaja, safari hii akinong'ona kama mtu mwenye siri ya kijiji. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa taulo. Akafunua pembe moja. Ilikuwa lenzi ya taa ya nyuma, ya kushoto, nyekundu, nzima, yenye ile mistari yake midogo.

Nieleze. Tulipolinunua gari, taa hiyo ilikuwa imevunjika, na nyingine hazipatikani tena. Odongo alichukua beseni jekundu la Mama, akakata kipande, akakipasha moto juu ya jiko mpaka kikalainika, akakipinda, akakibandika. Kwa mbali huoni tofauti. Kwa karibu, mwamuzi mmoja aliwahi kutuuliza kama gari hili pia hufua nguo. Kila mwaka taa hiyo ilitupunguzia alama, na kila mwaka Odongo alimwambia kila mtu aliyekutana naye: ukiiona mahali, nikumbuke.

"Nimeipata Nyahururu," Mzee akasema. "Kwa gari lililooza, nyasi zimeota ndani. Usimwambie! Nitampa kwa mkono wake mwenyewe. Nataka kuona hiyo sura."

Hapo ndipo utamu ulipokwisha. Nilimtazama mzee huyu, vidole vyake vyenye mikunjo vikifunga taulo tena kwa uangalifu, nikajua nimefanya nini. Nilikuwa nimempa mtu mzima miadi na kaburi. Bado sikusema. Waamuzi walipita, wakainama kwenye taa, wakaandika. Sikumbuki hata waliniuliza nini.

Jioni ilipofika watu walianza kukunja mahema. Mzee Gachanja alileta gari lake likisukumwa na vijana, ili injini ibaki baridi, akalipanga kando ya Nyar Otonglo. Akatazama saa. Akatazama lango.

"Barabara ya Nakuru ni mbali, na macho yangu si ya usiku," akasema. "Ngoja nimpigie. Aliniandikia namba mwaka jana."

Akatoa simu, akaiweka mbali na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake, akabonyeza.

Ikalia kwenye mkoba wangu.

Sikuizima. Ilikuwa juu ya boneti, kati yetu, mkoba wote unatetemeka kidogo. Mzee alitazama mkoba. Akanitazama mimi. Tabasamu lake lilikuwa bado halijaondoka, lilikuwa tu halijui liende wapi.

"Amekuachia simu?"

"Alikufa, Mzee. Mwezi wa nne."

Ni mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wangu. Hata kwenye mazishi walisema wengine. Wewe mikono, mimi mdomo.

Mzee alivua kofia. Simu iliendelea kulia mpaka ikachoka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nimemtukana mchana wote. Nimemwita mwoga kwa spika. Barua ya daktari, nimesema. Na wewe umeniangalia."

 Nilisema "nisamehe, Baba". Hakusema amenisamehe. Aligeuka, akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango, akakaa humo akitazama mbele. Nilijua anaondoka. Niliona ni haki yake.

Kioo kikashuka.

"Apiyo. Ingia kwa gari."

Katika mchezo huo sijawahi kuwa upande wa ufunguo. Miaka yote mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini, naye Odongo ndiye aliyegeuza ufunguo. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Sikuwa nimekisogeza, niliendesha kutoka nyumbani nikijinyoosha kama mtoto. Onyango alikwenda mbele ya boneti, mahali pangu, bila kuambiwa. Mzee akahesabu peke yake. Sauti ilimkatika kwenye mbili, akaanza upya.

La kwake liliwaka mara moja. La kwangu lilikohoa, likanyamaza, nikageuza tena, likawaka.

"Umeshindwa," Mzee akasema.

"Nimeshindwa."

Tulikwenda kwenye mabanda ya samaki kando ya maji. Nilimnunulia ngege mzima, samaki mwenye macho, mwenye mashavu, mwenye tumbo. Alikula polepole, hakuacha kitu. Aliuliza kama Odongo aliteseka. Nikamwambia ndiyo, mwisho, siku kadhaa. Aliuliza kama Mama anakula. Hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno yake pale uwanjani. Nilikuwa nimemwibia mchana wa kuomboleza, nikampa wa kucheka, na sasa alikuwa analipa vyote kwa pamoja mezani.

Alipomaliza kunawa, aliweka taulo mbele yangu.

"Ulisema utampa mkononi mwake," nikamwambia.

"Aliniambia mikono ni yako."

Akavaa kofia, akaondoka na macho yake yasiyo ya usiku. Onyango alimsindikiza mpaka barabara kuu. Leo asubuhi Mzee amepiga: amefika salama, ameomba tumwelekeze njia ya Seme.

Mvua ilipopungua mchana huu nilikwenda gereji na bisibisi. Kipande cha beseni kilitoka kirahisi, gundi ilikuwa imechoka. Kwa ndani kulikuwa na alama ya kidole chake, imeganda kwenye plastiki tangu siku ile ilipokuwa moto. Nimekifunga kwenye taulo la Mzee na kukiweka kabatini. Lenzi mpya imeingia bila kulazimishwa. Nikawasha taa, nikaenda kusimama nyuma. Pande zote mbili zilikuwa nyekundu sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu Otonglo.

Lilikuwa gari zuri. Lilikuwa la mtu mwingine.

Mama amerudi sasa, namsikia anakung'uta mwavuli. Nitamweleza ya jana. Nitalitaja jina, na sitashusha sauti.

Leo ni Jumapili na simu yake iko hapa mezani, waya kando yake. Sijaichomeka. Itajizima kesho, saa ambayo mimi nitakuwa kazini.