Imondo ya Mchungaji

Jumapili, Amalemba

Na bado naiona ile imondo, firigisi ya kuku, imekaa peke yake kwenye sinia, hakuna wa kuigusa.

Leo tumempokea mchungaji mpya, Rispa, mwanamke wa kwanza kutumwa kwetu. Nyimbo zilikuwa tamu, mahubiri pia. Shida ilianza mezani. Kuku ameiva, ugali wetu, obusuma, uko moto, na firigisi ni ya mchungaji, hiyo inajulikana. Lakini inajulikana pia kwamba mwanamke hali firigisi. Wamama wote wakanitazama mimi, mjane wa mchungaji wa zamani. Mzee wa kanisa akakohoa, akasogeza sahani yake karibu. Huyo mzee na tumbo lake!

Nikaichukua, nikamwekea Rispa.

Akaikata katikati, akanipa nusu. "Mama, wewe ndio umepika. Kula kwanza."

Nikakumbuka Mautuma tulikoishi, ile nyumba ya kanisa iliyokuwa ikivuja. Marehemu mume wangu anarudi na matope ya mashamba ya mahindi, namwekea imondo yake, nasimama kando mpaka amalize. "Asante, mama watoto." Hiyo tu, kila Jumapili.

Wazee hawatanyamaza. Askofu atapigiwa simu kesho, na naogopa wasije wakamsumbua huyu msichana mpaka aombe uhamisho.

Lakini nimeonja. Nimepika imondo tangu niolewe, na leo ndio nimejua chumvi yangu haifikangi ndani.

Marehemu, yule mtu, hakuwahi kusema.