Shauri la Ngozi za Baba

Kariakoo, Dar es Salaam
18 Novemba 1956

Mpendwa dada Celina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo na shemeji na watoto? Mvua huko Kibosho zimeanza? Mimi ni mzima, tena mwenye furaha hata naona aibu kuiandika. Wilbert wangu, dada! Mwezi wa tano wa ndoa, na bado akitoka kazini ananipigia mluzi tangu kona ya mtaa. Jirani yetu Mwanamkuu hunicheka, huuliza kama nimeolewa na mtu au na chiriku.

Lakini umeniuliza habari za shauri la Baba, nami nimechelewa kujibu.

Unakumbuka wanunuzi wa London walivyodai ngozi zake zilifika zimeoza. Mkataba ulisema ugomvi wowote utaamuliwa huko huko, na wasuluhishi wa biashara ya ngozi. Wakaamua bila Baba kuwapo, wakawapa wenzao haki. Kisha wanunuzi wakauleta uamuzi huo Mahakama Kuu hapa, ili duka la Baba lichukuliwe kulipa deni. Wakili wetu Marcelino akapinga. Alieleza kwamba hamwombi jaji azipime ngozi upya, sheria haimruhusu. Anaomba jambo moja tu: mahakama yetu isiutie nguvu uamuzi wa kigeni dhidi ya mtu ambaye hakuitwa kujitetea, kwani hilo ni kinyume cha haki na maslahi ya umma wa nchi hii. Nilitamani ashinde kuliko unavyoweza kufikiri.

Jumanne Baba alishika Biblia, akaapa kuwa hakupata wito. Wakili wa wanunuzi akamwuliza kwa upole nani humsomea barua za Kiingereza. Baba akajibu kwa majivuno kwamba ni binti yake Severa, msomi wa sekondari, asiyemficha hata nukta. Ndipo ikatolewa stakabadhi ya posta ya barua ya rejista iliyoleta wito kutoka London, ina sahihi yangu. Baba akaitazama sana, akamwambia jaji imeghushiwa, maana Severa angemwambia. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kuwa mzee huyu kauza ngozi mbovu, sasa anauza na kiapo kibovu. Wenzake wakacheka.

Jaji alilikataa pingamizi. Alisema wito ulifika, na hakumwamini Baba. Duka linachukuliwa mwisho wa mwezi.

Dada, sahihi ile ni yangu. Barua ilifika Mama akichemsha ndizi za mbege ya harusi yangu. Unajua desturi ya nyumbani kwetu: mbege ikiwa jikoni, habari ya ugomvi haiingii mpaka wageni wamekunywa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Kweli ni kwamba niliogopa Baba angeahirisha harusi. Nikaificha, nikijiambia nitamwambia baadaye. Baadaye nilikuwa na Wilbert, na London nikaisahau. Mahakamani nilikuwapo, nikanyamaza.

Jana nilimwendea dukani, nikamwungamia. Hakunigombeza. Alisema nisilirudie neno hilo kwa mtu yeyote, kwa kuwa yeye ameshaapa sahihi si yangu, na afadhali watu wamwite mwongo yeye. Kisha akauliza kama mume wangu ananitunza. Nikajibu ndiyo. Akasema vema, akanipa mgongo, akaendelea kuteremsha makopo rafuni.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Barua hii ukishaisoma ichome.

Ni mimi mdogo wako, niliyeolewa vizuri,
Severa