Ng'ombe Walioitwa Wakanyimwa Maji

Duka la Spika na Jenereta,
Bulapesa,
Isiolo.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa binamu Abdinajib,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamisi iliyopita, baada ya adhuhuri, tulimpoteza Guyo, mwimbaji wetu. Hajafa, alhamdulillah, usishtuke ukaanza kumpigia mama yako. Babu yake, Mzee Dima, alikuja kumchukua. Alimkuta dukani kwangu akifunga nyuzi mpya za gitaa, akamwambia aache nyuzi abebe nguo. Sasa bendi yetu imebaki na mpiga ngoma, mpiga kinanda na mimi mwenye spika, na kati yetu hakuna anayeweza kuimba bila watu kuomba stima ipotee. Uzinduzi wetu ni tarehe ishirini na saba. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Mzee Dima yuko karibu kunyang'anywa zamu yake ya kisima, kiangazi hiki, na aliyemfikisha hapo ni wewe.

Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungesoma salamu ukaiweka barua kando. Sasa nakusalimu. U hali gani huko Leicester? Baridi imeanza? Kile kikohozi cha mwaka jana kimekuacha? Sisi huku ni wazima, ila jua limekaa kichwani na mto Ewaso umekauka tangu Merti kwenda chini. Habaryar Habon, mama yako, goti linamsumbua, ulimi hauna shida yoyote.

Utajiuliza kwa nini barua siku hizi. Nimekupigia simu, hukushika. Nimekutumia ujumbe wa sauti, na najua unavyousikiliza: unauongeza kasi mpaka nasikika kama kuku anayefukuzwa. Barua haiongezwi kasi. Nitazipiga picha kurasa zote nikutumie, na karatasi zenyewe nitampa mama yako, akusomee kwa simu akiona hujajibu.

Kwanza nikupe habari za mji, maana hizo huwa unauliza kabla ya kuuliza afya yangu. Isiolo imeamka. Miaka mitatu nyuma muziki hapa ulikuwa wa kuletewa: mwanasiasa anakuja na wasanii wake kutoka Nairobi, sisi tunakodisha spika na kupiga makofi. Mwaka huu nimehesabu vikundi saba vyenye nyimbo zao wenyewe, na vinne vimepitia kile chumba changu cha nyuma chenye magodoro ukutani na blanketi mlangoni. Tunarekodi kati ya adhana na adhana, jenereta ya jirani ikikubali.

Kuna wasichana watatu wa hapa Bulapesa, mkubwa wao Deeqa, binti wa muuza maziwa ya ngamia. Wanaimba kwa ngoma moja na makofi, vile wanawake huimba harusini wanaume wakishatolewa nje. Wimbo wao wa kwanza ulitoka baada ya Idd. Baba zao walikataa nyuso zionekane, basi picha ya wimbo ni mikono sita yenye hina, na sasa kila bibi harusi anataka hina ya Deeqa. Wako pia vijana wawili wa Ngaremara wanaochana mistari kwa Kiturkana. Nyimbo tano, zote wamerekodi kwa simu chini ya turubai. Sauti mbovu, maneno moto. Nimewaambia waje nitengeneze sauti, moto sitaugusa.

Nyimbo zote hizi zinasambaa kwa njia moja: kibanda cha kujaza nyimbo pale stendi, kisha simu za watu wa bodaboda, mtandao unafuata nyuma. Mtu wa bodaboda akiupenda wimbo asubuhi, jioni uko Merti. Na wimbo walioupenda kupita yote mwaka huu ni wetu, "Biliqo". Hapo ndipo balaa ilipoingilia.

Unajua tulivyoupata. Mwezi wa pili mimi, Guyo, Lochoro wa ngoma na Kinya wa kinanda tulipanda lori la unga mpaka Merti, tukaendelea hadi Biliqo kwa Mzee Dima. Mto ulikuwa mchanga mtupu kama sasa. Vijana walisimama ndani ya kisima walichochimba kwenye mchanga huo, mmoja juu ya mwingine, wakipitisha ndoo kwa mikono, na mzee yuko juu anaimba. Wimbo wake una sehemu mbili. Kwanza anaita: anataja ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe, waje. Halafu sauti inashuka, inaenda polepole, ndoo zinamwagwa kwenye hori, na hapo ananywesha mpaka yule wa mwisho ainue kichwa. Lochoro, ambaye hanyamazi hata matangani, alichuchumaa ukingoni asikilize.

Mzee alikubali turekodi kwa sharti moja. "Ukiita, nywesha," aliniambia. "Hii si ya kucheza. Ng'ombe yangu ikisikia hii sauti, inajua maji iko." Hakumshika mkono Guyo, mjukuu wake. Alinishika mimi, kwa kuwa mashine ilikuwa yangu. Nikaapa kwamba kuita kwake hakutatoka bila kunywesha.

Nilikutumia rekodi yote uichanganye, kwa sababu wewe ndiye mwenye mitambo na masikio. Sharti la mzee nilikuandikia. Ulinijibu kwa picha ya kidole gumba.

Tuliokupa ulikuwa wimbo wa dakika sita na nusu. Uliotoka, na ulitoka kwa dunia nzima kabla mimi sijausikia, ni wa dakika tatu. Kilichokatwa ni kunywesha kote. Badala yake ukachukua ule mwito wa Mzee Dima, anapomtaja ng'ombe wake mwekundu, ukaurudisha juu ya ngoma za Lochoro mara kumi na tisa. Nimehesabu. Ukaandika jina lako mbele, bendi nyuma, na mzee hayupo kabisa.

Sikatai kwamba ni tamu, na hiyo ndiyo inaniuma. Nilipousikia stendi, mguu wangu ulicheza kabla kichwa hakijaelewa.

Sasa sikia kilichotokea. Wiki mbili zilizopita mtu wa pikipiki alisimama karibu na kisima cha Biliqo, spika yake imefungwa kwa nyuma, wimbo uko juu. Ilikuwa zamu ya watu wengine kunywesha. Ng'ombe wa Mzee Dima walikuwa zizini, zamu yao ni kesho yake, wana kiu ya siku tatu. Wakasikia sauti ya mwenyewe inawaita. Inawaita tena. Inawaita tena. Walivunja zizi la miiba wakaja wote, wakasukumana ukingoni, na mchanga ukabomoka. Kijana aliyekuwa chini alivutwa juu kwa mkono mmoja, ameumia bega, Mungu amemwachia roho. Yule mwekundu alivunjika mguu, wakamchinja hapo hapo. Kisima kilichimbwa upya kuanzia mwanzo.

Wazee wa kisima wakamwambia Mzee Dima: umeita siku isiyo yako. Yeye alikuwa amelala kwake! Lakini sauti ni yake, watu wote wameisikia, na ng'ombe hawasemi uongo. Kikao ni Jumamosi hii, tarehe ishirini. Akishindwa kujieleza, ng'ombe wake watanyweshwa baada ya watu wote mpaka mvua ije.

Ndiyo maana alikuja mjini. Alikaa juu ya boksi la spika, fimbo kati ya magoti, akasema, "Piga." Nikapiga. Alisikiliza mpaka mwisho macho chini.

"Anaita," akasema. "Tena anaita. Maji iko wapi?"

Kinya, unamjua, mtoto wa kanisa, akataka kutuliza mambo. "Mzee, huo ni wimbo tu."

"Wimbo tu? Wewe mama yako akikuita uje kula, uje, uje, uje, na sahani hakuna, utasema ni kuita tu?"

Lochoro naye akaona achekeshe. "Lakini akaka," akamwambia, kwa vile Guyo humwita babu, "umekuwa mtu mkubwa. Hata Nairobi wanakucheza."

"Nairobi iko na mfereji," mzee akamjibu. "Mimi niko na zamu."

Kisha akanigeukia. Akanyanyua mkono wangu wa kulia akautazama, akauacha, akanyanyua wa kushoto. "Ile nilishika ilikuwa gani? Hii ama hii?"

Nilifanya nini, binamu? Mimi ambaye naweza kubishana na afisa wa kaunti kuhusu leseni mpaka asahau alichokuja kutafuta, niliificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Guyo alijaza nguo zake kwenye gunia. Aliniambia neno moja tu: "Dada, gitaa baki nayo. Huko itakula vumbi."

Habari ilienea kabla lori lake halijafika Ngaremara. Nyanya yake Deeqa alikuwa amekubali kuwaimbia wale wasichana nyimbo za harusi za zamani, tuzirekodi, ziwe msingi wa kazi yao inayofuata. Ijumaa nilienda na mashine, nikamkuta mlangoni. Akasema, "Shamis, koo langu halitaki mkasi." Na akanipa chai, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wazee wakifunga midomo, hivi vikundi saba vitaimba nini? Vitaiga Nairobi, na Nairobi ina watu wa kutosha wa kuiga Nairobi.

Najua unachohesabu. Wimbo umesikilizwa mara elfu sitini na moja, na ukiuondoa hesabu inarudi sufuri. Yangu pia inarudi sufuri. Mimi nilianza na spika moja yenye tundu nililoziba kwa ngozi ya mbuzi, leo nina kumi na sita, na hakuna hata moja niliyoipata kwa kupenda sufuri. Lakini weka hii upande wa pili: ng'ombe arobaini na mmoja, kisima kimoja, na kinachobaki chini watu wote wakishapita ni matope. Nimeifanya hesabu hiyo kwa kila njia ninayoijua. Haitoki.

Wala usiniambie nirekodi upya. Mzee hataimba tena mbele ya mashine. Nakala yetu ilikuwa kwenye kompyuta ya Kinya, ikaungua mwezi wa sita stima ilipopotea na kurudi kwa nguvu. Rekodi nzima, kuita na kunywesha, iko kwako peke yako.

Ninachotaka ni hiki. Uuondoe wimbo mtandaoni. Unitumie rekodi nzima, vile ulivyoipokea. Na ujirekodi kwa sauti yako, polepole, kwa Kiswahili cha kueleweka, useme wewe Abdinajib mwana wa Habon ndiye uliyekata, na kwamba mzee hakuita siku ile. Watu wa bodaboda niachie mimi. Nimeongea na mwenyekiti wao, amekubali wafute ule mfupi wakipewa ule mzima mahali pake. Bila ule mzima sina cha kuwapa, na mtu humwondolei wimbo mtamu kwa mikono mitupu. Tutauzindua ule wa dakika sita na nusu, jina la Mzee Dima likiwa la kwanza, kama Guyo ataruhusiwa kurudi kuuimba. Nani atasikiliza dakika sita? Uliniuliza hivyo mwezi wa tatu. Waulize wale ng'ombe.

Kulmiye kaka yangu anakusalimu, amepata mtoto wa pili, msichana, na lori lake bado ni lile lile. Kinya anakusalimu na anakuombea kwa namna yao. Lochoro anasema salamu zako anazo ila atazishika mpaka Alhamisi. Mama yako hajui lolote bado. Wasalimie wenzetu wote wa huko msikitini. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akufungulie riziki isiyotoka kwenye koo la mtu mwingine.

Lori la Merti linaondoka Ijumaa alfajiri na mimi nitakuwa juu yake, nikiwa na kitu mkononi au sina. Baada ya Merti mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo usinitumie maelezo marefu nikiwa njiani, wala usinitumie kidole gumba. Nataka jibu kabla ya magharibi ya Alhamisi, saa ya Isiolo, nyinyi huko bado mna alasiri. Ukinyamaza nitaenda hivyo hivyo, nitasimama mbele ya wazee wa kisima na kutaja jina lako, la baba yako na la mama yako, niwaambie ndiye huyu aliyeita. Unaondoa na kutuma, ndiyo au hapana?

Dada yako ambaye mpaka Alhamisi anakupenda kama kawaida,

Shamis